Unataka kujaribu kunyanyua jiwe? Jifunze kwanza kulipakata

Kama umezoea kupiga chuma jimu ukidhani jiwe ni mzigo tu kama mizigo mingine, utashangaa. Chuma kimetengenezwa kikusaidie, kina pa kushika, uzito uko sawa pande zote, lakini jiwe halina habari na wewe. Mi nilikuwa navuta chuma cha kilo 140 bila shida afu siku ya kwanza nakutana na jiwe la kama kilo 80 likanigomea kabisa, nikabaki nalizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua.

Tuanze na kuchagua, maana hapa macho yanadanganya sana. Graniti ina kama kilo 2.7 kwa kila lita moja, sa piga hesabu: jiwe la mviringo lenye upana wa sentimita 30 ni kama kilo 38, likifika sentimita 40 linakuwa kama kilo 90. Sentimita kumi tu hizo na uzito umeshazidi mara mbili! Kama una mizani ya kupimia watu weka ubao juu yake upime, kama huna basi chukua jiwe unaloweza kulibingirisha bila kukaza meno. Kwa mtu mwenye mazoezi kiasi, nusu ya uzito wa mwili wake inatosha kuanzia, na usione aibu. Kule Aisilandi, ufukwe wa Djúpalónssandur, kuna mawe manne ambayo wavuvi wa zamani walikuwa wanapimana nayo nguvu, kilo 23, 54, 100 na 154, na lile dogo linaitwa Amlóði, yaani goigoi kwa lugha yetu. Unaona, hata goigoi ana jiwe lake.

Tafuta jiwe lililolainishwa na maji, lisilo na kona kali. Lenye ufa liache hapohapo, linaweza kuachana ukiwa umelikumbatia. Na kabla hujaingiza vidole chini lisukume kwanza kwa fimbo, maana chini ya mawe kuna wapangaji, nge, nyoka, sijui nini. Mawe ya hifadhi au ya kumbukumbu usiyaguse.

Sehemu iwe tambarare, nyasi au udongo, na pasiwe na jiwe jingine karibu. Hili nimejifunza kwa maumivu: niliachia jiwe likatua juu ya jingine, kidole cha kati kikabaki katikati, kucha ikawa nyeusi wiki kadhaa. Viatu viwe vya soli nyembamba isiyobonyea, raba za kukimbilia zenye sponji hapana. Glovu hapana pia, zinateleza. Vaa mikono mirefu maana jiwe linachuna ngozi kama msasa. Chaki kidogo mikononi sawa.

Haya, pasha mwili, afu simama jiwe likiwa katikati ya miguu, sio mbele yako. Lizungushe, lipapase, tafuta wapi vidole vinaingia chini yake, na dakika mbili tatu za kutafuta mshiko sio kupoteza muda, ndo mchezo wenyewe. Mikono inyooke kama kamba. Ukikunja viwiko ukataka kuvuta kwa mikono, hapo ndo watu wanachanika msuli wa mbele wa mkono na unarudi nyumbani ukiwa na story mbaya. Mgongo utapinda kidogo, kwa jiwe haikwepeki, ila kaza tumbo kabla hujavuta na usiuache uzidi kupinda ukiwa katikati ya safari. Waskoti wana msemo wao, kwamba umepitisha upepo chini ya jiwe, yaani likiachana na ardhi hata kidogo tu inahesabika. Siku ya kwanza huo upepo unatosha kabisa.

Sa ndo kupakata. Jiwe likishapita magoti chuchumaa ulilaze juu ya mapaja, ulipakate kama unavyopakata mtoto. Hapa wengi wana haraka, wanataka kutoka chini mpaka kifuani kwa pigo moja, na ndo wanapokwama. Tulia hapo, vuta pumzi, badilisha mikono, zungusha moja ipite juu ya jiwe ulikumbatie kabisa mpaka kifua kililalie. Ndo usukume nyonga mbele usimame, utaona jiwe linapanda lenyewe tumboni kuja kifuani, mikono kazi yake kulishikilia tu lisikimbie. Mambo ya kulipandisha begani bado, subiri mpaka uweze kulifikisha kifuani mara tano bila kuhangaika.

Kushusha: usijifanye shujaa wa kulishusha polepole. Inama kidogo, liachie mbele yako, na miguu irudi nyuma papo hapo.

Mara moja kwa wiki inatosha, nyanyua mara tano sita, kila moja pumzika dakika tatu hivi, na isiwe kesho yake baada ya kuvuta chuma kizito. Ukishalizoea jiwe lako anza kutembea nalo hatua kumi kumi, ndo mtindo wa lile jiwe la Húsafell, hukohuko Aisilandi, la kilo 186 ambalo watu wanalibeba kuzunguka zizi la kondoo la zamani. Na kama mvua imenyesha, subiri jiwe likauke, likiloa linateleza kama sabuni na hakuna chaki itakayokusaidia.