Kukodi baiskeli za Santander London: safari haiishi mpaka taa ya kijani iwake

Baiskeli nyekundu za Santander Cycles zimetapakaa katikati ya London, kwenye vituo karibu 800. Mfumo ulianza tarehe 30 Julai 2010 na msingi wake ni uleule: unachukua baiskeli kituo kimoja, unairudisha kituo chochote chenye nafasi. Kuchukua hakusumbui sana. Pesa za watu hupotea wakati wa kurudisha.

1. Tazama ramani mara mbili

Pakua programu ya Santander Cycles kwenye simu na uweke kadi ya benki. Anayekodi awe na miaka 18 au zaidi. Anayeendesha, angalau 14.

Kwenye ramani, wengi hutazama tu kama kituo cha karibu kina baiskeli. Tazama pia nafasi zilizo wazi kule unakokwenda. Asubuhi za siku za kazi, abiria wanaoshuka treni Waterloo na King's Cross hubeba baiskeli kuelekea maofisini, kwa hiyo ikifika saa tatu vituo vya City, eneo la mabenki na maofisi, vimejaa pomoni na vya karibu na stesheni vimebaki nguzo tupu, zile zinazobana baiskeli kituoni. Jioni mkondo unageuka. Lenga kituo chenye nafasi tano au zaidi, na uwe na cha pili kichwani.

2. Kagua kabla ya kuomba namba

Namba ya kufungulia baiskeli, unayoiomba kwenye programu, inadumu dakika 10 tu, na inafanya kazi kwenye kituo ulichokichagua peke yake. Kwa hiyo anza na baiskeli yenyewe. Bonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba, zisibonyee. Bana breki: mkono wa breki ukigusa usukani, iache hiyo. Zungusha pedeli kinyumenyume usikie kama cheni inakwaruza. Jaribu kuisokota siti ukiwa umeikaza; ikizunguka, itakushuka njiani. Nguzo inayowaka taa nyekundu, ipite.

3. Ichomoe kwa nguvu

Namba ina tarakimu tano, na zote ni 1, 2 au 3, kwa kuwa nguzo ina vitufe vitatu tu. Kwa mfano 2-1-3-3-1. Bonyeza moja moja bila pupa. Taa ya rangi ya chungwa itawaka na kuzimika, kisha ya kijani itawaka. Hapo hapo shika siti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, nyanyua kidogo upande wa nyuma, uvute kwa mkupuo mmoja. Baiskeli imebanwa kwa mbele; ukiivuta kwa woga kufuli hujifunga tena ukabaki unahangaika nayo.

Weka siti usawa wa nyonga ukiwa umesimama kando yake. Mkoba ufunge kwa kamba ya mpira iliyopo mbele, na mikanda yake yote iingize ndani. Mkanda unaoning'inia ukinaswa na gurudumu la mbele, utaanguka wewe.

Ukihisi ubovu mita chache tu baada ya kuondoka, rudi palepale, iegeshe, bonyeza kitufe cha kuripoti ubovu kwenye nguzo. Mwenzako anayekuja nyuma ataokoka.

4. Barabarani

Uingereza huendeshwa kushoto, kama Dar na Nairobi. Baiskeli hizi ni nzito, kilo 20 na ushee, zina gia tatu. Ondoka na gia ya 1, na punguza nguvu ya miguu unapobadilisha. Njia ya waenda kwa miguu hairuhusiwi, na taa nyekundu inakuhusu kama inavyolihusu gari. Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: kwenye makutano, usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa kushoto. Dereva anayekata kushoto huenda asikuone kabisa. Kaa nyuma yake.

Malipo huhesabiwa kwa vipande vya dakika 30, na dakika ya 31 hufungua kipande kipya. Mwenye pasi ya siku anaweza kufanya safari nyingi apendavyo, mradi kila moja isizidi dakika 30. Ikifika dakika ya 25, rudisha uliyonayo na uchukue nyingine. Kuingia dukani pia ni hivyo hivyo: baiskeli hazina kufuli la kufungia mtaani, basi irudishe kituoni kwanza.

5. Kurudisha

Elekeza gurudumu la mbele kwenye nguzo, limenyooka, usukume kwa kishindo. Usiende. Subiri taa ya kijani. Rangi ya chungwa inayowaka na kuzimika maana yake mfumo bado unaitambua baiskeli. Ikishawaka kijani, ivute nyuma uone kama imebanwa kweli, kisha hakikisha programu inaonyesha safari imekwisha.

Taa ikiwa nyekundu au isipowaka, ichomoe ujaribu nguzo nyingine. Imenasa na taa ya kijani haikuja? Piga picha namba ya baiskeli na nguzo, upigie huduma kwa wateja ukiwa bado umesimama hapo. Kwa mfumo, hiyo baiskeli bado iko mikononi mwako: dakika zinaendelea, na ukipita saa 24 bila kurudisha unaweza kutozwa hadi pauni 300.

Kituo kikiwa kimejaa, nenda kwenye skrini ya mashine ya kituo, ueleze kwamba hakuna nafasi. Utaongezewa dakika 15 na kuonyeshwa vituo vya jirani. Fanya hivyo kabla muda wako haujaisha.

Kabla ya kugeuka, tazama pale mbele kwenye kamba ya mpira. Mtu mwingine anaweza kuondoka na baiskeli hiyo ndani ya dakika moja, pamoja na mkoba wako.