Kumtafuta Babu Aliyefanya Kazi Mto Thames: Rejista za Parokia na Daftari za Wanagenzi

Somo hili ni la yeyote aliyekuta katika karatasi za familia kwamba babu yake wa kale alifanya kazi katika mto Thames, London, ama kwa kuvusha abiria kwa mashua za makasia, ama kwa kushusha shehena za meli kwa matishari. Watu hao waliandikwa mara mbili, kanisani na katika kampuni ya kazi yao, yaani chama kilichosimamia kazi hiyo, na makarani ambao hawakuwa na haja ya kulinganisha walichoandika. Rejista ya parokia itakueleza mtu ni mtoto wa nani, lakini haitakuambia ni yupi kati ya akina John watano wa mtaa huo. Daftari la wanagenzi litakueleza alijifunza kazi kwa nani na lini, lakini halina habari za mkewe wala watoto wake. Asiyesoma vyote viwili atamchukua babu wa mwenzake.

Hatua ya kwanza: anza na walio karibu, kisha urudi nyuma

Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa inayotaja kila mtu kwa jina ilianza 1841, ingawa ile ya kwanza ilipunguza umri wa watu wazima hadi kwenye kizidisho cha tano, kwa hiyo mtu wa miaka 39 huonekana ana 35. Sensa ya 1851 ndiyo ya kutegemea, kwa sababu inataja parokia aliyozaliwa mtu. Usiingie kanisani kabla ya kuipata parokia hiyo.

Hatua ya pili: isome rejista kwa kuzingatia mwaka wake

Rejista za parokia ziliagizwa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, na kwa muda mrefu kila kasisi aliandika alivyoona inafaa: mmoja anataja kazi ya baba, mwingine hamtaji hata mama. Sheria mbili zilibadilisha hali hiyo. Kuanzia Machi 1754 ndoa ziliandikwa katika kitabu chake, pamoja na sahihi au alama za maharusi na mashahidi. Kuanzia Januari 1813 ubatizo nao uliwekewa kurasa zilizochapwa, zenye nafasi ya jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi yao, kazi ya baba na jina la aliyebatiza. Safu hiyo ya kazi ndiyo hazina yetu, maana hapo ndipo utakapokuta neno «waterman», yaani mvushaji wa abiria, au «lighterman», yaani mwendesha tishari. Ukurasa wa maziko wa mwaka huohuo, kwa bahati mbaya, hauna safu ya kazi. Unataja jina, makazi, tarehe, umri na jina la aliyeongoza maziko tu.

Mambo mawili huwapotosha wengi. La kwanza ni vifupisho: Wm ni William, Jas ni James, na Jno ni John, si Jonathan. La pili ni kalenda. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1731 ni Februari 1732 kwa hesabu yetu. Ukikuta ndoa ya Mei 1731 na ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Februari 1731, usiwasingizie wazee wa watu: mtoto huyo alifuata ndoa kwa miezi tisa, na karani hakukosea chochote.

Rejista ikiwa imechanika au imeliwa na unyevu, uliza nakala za askofu. Kuanzia 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala kila mwaka, na mara nyingine nakala ndiyo iliyosalia.

Hatua ya tatu: nenda kwenye kampuni

Kampuni ya wavushaji ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1555 ili isimamie kazi ya mto kutoka Windsor hadi Gravesend, na waendesha matishari waliunganishwa nayo mwaka 1700. Ukumbi wake uliungua katika moto mkubwa wa London wa 1666, ndiyo sababu daftari za kuandikisha wanagenzi zilizopo zinaanzia 1688. Uanagenzi ulikuwa wa miaka saba. Kila ingizo linataja jina la kijana, tarehe aliyofungwa kwa fundi wake (yaani alipowekwa chini yake kwa mkataba wa uanagenzi), jina la fundi na mahali alipoishi, na, kama kijana alifika mwisho, tarehe aliyohitimu na kuwa mwanachama huru wa kampuni.

Kinachonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni hati za viapo. Kijana alipaswa kuonyesha kwamba ametimiza umri wa kuanza kazi, na kwa ajili hiyo ziliandikwa hati zinazotaja lini na wapi alizaliwa au kubatizwa. Hapo kampuni yenyewe inakupeleka kwenye ukurasa wa kanisa, na ukiipata hati hiyo nusu ya ubishi imekwisha.

Hatua ya nne: unganisha

Tuseme una William, mvushaji, aliyembatiza mtoto Rotherhithe, parokia ya kando ya Thames, mwaka 1815. Ikiwa alihitimu 1813, basi alifungwa 1806 au karibu na hapo, akiwa na miaka 14 au zaidi kidogo, na ubatizo wake utafutwe kati ya 1786 na 1792. Ukipata akina William watatu katika miaka hiyo, wasome mafundi wao: wavushaji wengi walifundishwa na baba, mjomba au jirani wa mtaa uleule, na jina la fundi mara nyingi hujitokeza tena kama shahidi wa ndoa. Mimi niliwahi kupoteza miezi minne nikifuata ukoo usio wangu, kwa sababu binamu wawili wenye jina moja walikuwa wote wavushaji na wote wake zao waliitwa Mary. Kilichoniokoa ni makazi: mmoja aliishi Wapping, mwingine ng'ambo ya mto, na ubatizo wa watoto wao haukuwahi kuchanganya pande hizo.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, katika ubatizo wa mtoto mmoja babu ameitwa «waterman», na wa mwingine «lighterman». Je, ni watu wawili?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Kampuni ilikuwa moja, na mtu aliweza kuhama kutoka abiria kwenda shehena, hasa madaraja yalipoongezeka na wa kuvushwa wakapungua. Linganisha jina la mke na makazi kabla ya kumgawa mtu vipande.

Swali: Nimemwona kijana akifungwa uanagenzi, lakini nafasi ya kuhitimu iko tupu. Alikwenda wapi?

Jibu: Tafuta maziko kwanza, kwa kuwa mto uliwameza wengi. Kama hayupo, fikiria jeshi la majini: wakati wa vita vikosi vya kukamata watu viliwapenda sana vijana wanaojua kasia, na orodha za mabaharia wa meli za kivita zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew.

Swali: Shikamoo mwalimu. Katika daftari langu fundi ni mwanamke. Je, ni kosa la mwandishi?

Jibu: Marahaba. Si kosa. Mjane wa mvushaji aliweza kuwa na wanagenzi, na jina lake ni dalili nzuri: rudi kwenye maziko ya miaka michache iliyotangulia, utamwona mumewe, na huenda ndiye aliyemfunga kijana wako hapo awali.

Swali: Parokia ninaijua, mwaka ninaujua, lakini ubatizo haupo.

Jibu: Angalia miaka kumi mbele, maana wazazi wengine walibatiza watoto watatu au wanne siku moja. Kisha vuka mto, uangalie parokia za ng'ambo. Mwisho, kumbuka kwamba si kila familia ilikuwa ya Kanisa la England. Rejista nyingi za makanisa mengine zilikusanywa na serikali baada ya 1837, na hizo pia ziko Kew.