Kumlisha mtamba kabla ya kupandishwa mara ya kwanza

Machi nilikuwa Kangagani, Pemba, kwa shangazi. Ana mitamba wawili, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa bado, machotara wa Friesian, na mkubwa alikuwa keshatimia miezi 18. Nilipomaliza kumwamkia tu akanambia, "Mwanangu, huyu apandishwe mwezi huu, umri wake ushafika."

"Shangazi, tumpime kwanza," nikamjibu.

Mtamba wangu wa kwanza nilimpandisha kwa kuhesabu miezi. Alizaa kwa kuvutwa, ndama akafa, na maziwa aliyotoa mwaka ule hayakulipa hata pumba alizokula. Tangu hapo siangalii umri peke yake. Mtamba hupandishwa akifika asilimia 60 hivi ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Mama wa mtamba huyu ana kilo 400, kwa hiyo mwanawe anatakiwa awe na 240. Chini ya hapo hata kama joto, yaani hamu ya dume, linamjia, mwache.

Hatua ya 1: Minyoo na kupe

Mpe dawa ya minyoo kabla hujaanza kumuongezea chakula, la sivyo unalisha minyoo. Kupe usiwachezee, kwetu ndigana, homa wanayoileta, inaua mitamba wengi. Ogesha kila wiki.

Hatua ya 2: Kupima

Hapa ndipo tulipopoteza asubuhi nzima, na nusura tupoteze zaidi ya mwezi. Soma taratibu.

Mizani ya ng'ombe hatuna, tunatumia futi ya fundi cherehani. Unapima vitu viwili kwa sentimita: mzunguko wa kifua, na urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka mfupa unaotokeza kwenye kitako. Kisha: kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 10,840. Jibu ni kilo. Futi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ukisoma upande wa inchi utapata kilo 12 na utadhani hesabu ni mbovu.

Mara ya kwanza tulipata kifua 145 na urefu 112, yaani kilo 217. Shangazi akafurahi: zimebaki 23 tu, na akiongezeka nusu kilo kwa siku ni siku 46. Mimi nikamtazama mtamba, nikaona mbavu zake, moyo ukakataa. Nikarudia. Mara hii 141. Nikarudia tena, 138. Mnyama ni yule yule, futi ile ile, saa moja haijapita.

Kosa lilikuwa nundu. Machotara wetu wana damu ya ng'ombe wa kienyeji, nundu ipo hata kama ni ndogo, na kijana aliyenishikia futi alikuwa anaipitisha juu yake. Futi ipite nyuma ya nundu, ishuke nyuma tu ya miguu ya mbele, ikutane chini ya kifua. Kwa kifua cha 138, uzito ni kilo 197. Sentimita 7 za nundu zilituongezea kilo 20 ambazo hazipo, na kilo 20 ni siku 40 za kulisha. Tungempandisha mtoto.

Mengine ya kuangalia:

Asimame sawa, miguu minne imebeba uzito, kichwa juu. Akiinamisha kichwa kula, kifua kinabadilika. Tulimpima anakula majani, usifanye hivyo.

Pima alfajiri kabla hajala wala kunywa. Tumbo lililojaa maji na majani linaongeza kilo nyingi za bure. Ukipima leo asubuhi na mara ijayo jioni, utajidanganya.

Futi iguse ngozi bila kubana. Urefu upime kwa mstari ulionyooka, usifuate mviringo wa tumbo. Mimi natumia kamba ya katani kwa urefu, halafu naipima kamba chini sakafuni.

Pima mara tatu, chukua namba ya katikati.

Futi ya fundi inaishia 150. Mtamba mkubwa ataipita, kwa hiyo kamba uwe nayo.

Rudia kila baada ya wiki mbili, uandike kwenye daftari. Kwa mtamba wa kilo 197 anayekwenda vizuri, utaona sentimita 2 zaidi za kifua na 1 ya urefu, sawa na kilo 7. Kama hakuna kilichoongezeka mara mbili mfululizo, chakula hakitoshi au minyoo imerudi.

Hatua ya 3: Majani

Majani ya tembo yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakipita mita moja na nusu yanakuwa fimbo, ng'ombe anachagua majani anaacha mashina. Katakata vipande vidogo. Mtamba wa kilo 200 mpe kilo 20 hadi 25 kwa siku. Masika majani yamejaa maji, anashiba tumbo lakini mwili haupati kitu, na watu wengi hupumzika kulisha wakati huo kwa kuona kijani kila mahali. Msimu wa karafuu vijana wote wako mikarafuuni na hakuna wa kukukatia, kwa hiyo panda shamba lako la majani karibu na banda.

Hatua ya 4: Glirisidia

Mimi nailazimisha hii kwa kila anayeniuliza. Ni ule mti wa uzio wenye maua ya waridi. Wengi wanauona kuni tu. Majani yake yana protini ya kutosha kushindana na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), na hayauzwi, umeyapanda mwenyewe. Tatizo ni harufu. Ng'ombe asiyeyajua ataligeuzia kisogo hori. Usimlazimishe kwa njaa. Kata matawi jioni, yatandaze chini ya paa yanyauke mpaka asubuhi, harufu inapungua. Anza na konzi mbili, changanya na majani ya tembo yaliyokatwakatwa na nyunyiza chumvi kidogo kwa maji. Mtamba wa shangazi alinusa, akarudi nyuma, akalamba chumvi, siku ya nne akala. Ongeza taratibu mpaka kilo 4 au 5 kwa siku, yasizidi theluthi ya majani yote anayokula.

Hatua ya 5: Pumba

Pumba peke yake nazipinga. Zinamnenepesha mtamba, zinajaza mafuta, na mtamba aliyenenepeshwa sana tangu mdogo, hasa kati ya miezi 3 na 10, kiwele chake kinajaa mafuta mahali pa tezi za maziwa. Hilo halirekebishiki baadaye. Mchanganyiko wangu: pumba za mahindi kilo 13, mashudu ya alizeti kilo 6, madini ya ng'ombe nusu kilo, chumvi robo kilo. Mpe kilo 1 na nusu kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni. Mashudu ya nazi yanafaa pia kama ni mapya. Yakiota ukungu usimpe, hata kidogo. Pumba za mpunga zinaweza kushika nafasi ya sehemu ya mahindi, ila zina fosforasi nyingi na kalsiamu chache, kwa hiyo madini usiyaruke.

Kopo unalopimia lipime kwa mizani mara moja. Pumba ni nyepesi, na kopo lililojaa hadi juu haliwi kilo moja kwa kudhani.

Jiwe la chumvi litundike kwa kamba ndani ya banda, lifikie kinywa chake. Ukiliacha nje, mvua moja ya masika inaliyeyusha.

Hatua ya 6: Kumpandisha

Wiki ya pili ya Juni mtamba wa shangazi alikuwa na kifua 149 na urefu 118, kilo 242. Nimependa mwezi huo, kwa sababu mimba ni siku 283 hivi na anazaa mwisho wa Machi, majani yanapoanza kuchipua. Mtazame alfajiri na magharibi: anapanda wenzake, anasimama akipandwa, ute mwangavu kama kioo unaning'inia. Ukiona asubuhi, mwite mtaalamu wa uhamilishaji, anayepandisha kwa mbegu bila dume, jioni ile ile. Ukiona jioni, aje asubuhi.

Usimpunguzie chakula siku ya pili yake. Endelea na kiasi kile kile, andika tarehe, na siku ya 21 amka mapema umtazame tena. Akisimama kupandwa, hakushika, na unamwita mtaalamu upya. Wa shangazi siku hiyo alikuwa anacheua tu, amelala kwenye majani.