Kigari na kiti cha gari cha mtoto kwenye ndege

Wazazi mnaosafiri na watoto wadogo toka Marekani kuja Dar au Nairobi, hili la kiti cha gari msilichukulie poa. Kama mtoto umemkatia siti yake ingia nacho ndani ya ndege kabisa, usikiache kiende na mabegi, maana kule chini mizigo inarushwa na kiti kinaweza kupata ufa ambao kwa macho huuoni. Kabla hujatoka nyumbani kigeuze uangalie stika, kuwe na maandishi mekundu yanayosema kinaruhusiwa kwenye magari na ndege, bila hayo wahudumu wanaweza kukikataa. Kifungeni siti ya dirishani kisizibe njia.

Kigari sasa, mashirika mengi wanakibeba bure na unakisukuma hadi mlangoni mwa ndege, ila omba tegi pale kaunta na uulize kabisa kinarudishwa wapi, kwa sababu kama mnaunganisha ndege kinaweza kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari na wewe uko Doha au Amsterdam, mtoto kalala begani na geti liko mbali huko. Kwa hiyo kanga ya mbeleko ikae begi la mkononi jamani, sio kwenye sanduku. Mifukoni mwa kigari toa kila kitu, kipige picha kabla hujakikabidhi, na kikirudi gurudumu limevunjika ripoti hapohapo uwanjani kabla hujatoka nje.