Kukipa chuo kikuu akiba ya uzeeni ya Marekani ukiwa Mombasa

Wako wengi, kuanzia Kizingo hadi Mtwapa, waliofanya kazi Marekani wakarudi nyumbani, na bado wana akaunti ya IRA kule, yaani akiba binafsi ya uzeeni, na wanajaza ritani ya kodi ya Marekani kila mwaka. Anayetaka kukikumbuka chuo kilichomsomesha anaweza kukipa akiba hiyo bila kukatwa kodi, lakini sharti lake ni zito: pesa zisipite mkononi mwako. Zikiingia benki yako hata kwa siku moja, zimekuwa mapato yako, na kuzipeleka chuoni baadaye hakurekebishi kitu.

Siku pesa zinapotoka uwe umeshatimiza miaka 70 na nusu. Kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 108,000 kwa mtu mmoja. Mume na mke kila mmoja ana chake, kutoka akaunti yake mwenyewe. Akiba iliyo kwenye 401(k), yaani mfuko wa uzeeni wa mwajiri, haikubaliki mpaka ihamishiwe IRA.

Chuo nacho lazima kiwe kimesajiliwa Marekani kama shirika la hisani. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, si shirika la Marekani, na hundi ya IRA ikiandikwa moja kwa moja kwa chuo cha Kenya itatozwa kodi. Kama moyo wako uko Tudor, tafuta shirika la hisani lililosajiliwa Marekani linalosaidia vyuo vya huku, na ambalo lenyewe ndilo lenye uamuzi juu ya pesa hizo.

Anza Oktoba. Kampuni nyingi zinazotunza IRA, zilizo pwani ya mashariki ya Marekani, hufungua saa tatu asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa kumi alasiri, na baada ya saa zao kurudishwa nyuma mwezi Novemba huwa saa kumi na moja. Kabla ya kupiga simu, pata kwa ofisi ya michango ya chuo jina lake la kisheria, nambari yake ya kodi na anwani. Kisha iombe kampuni fomu ya QCD, yaani mgao unaokwenda moja kwa moja kwa hisani. Pa kukata kodi, jaza 0. Hundi iandikwe jina la chuo na itumwe chuoni, isizunguke kwanza hadi sanduku lako la posta Mombasa.

Hundi hizi mara nyingi hufika chuoni bila jina la mtoaji. Tuma barua mapema ueleze kiasi na pesa ziende kwa nini, kisha udai stakabadhi yenye tarehe, kiasi, na maneno kwamba hukupewa chochote. Hata tiketi ya chakula cha jioni huharibu msamaha wote.

Kutoka miaka 73 (75 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea) sheria inakulazimu kutoa kiasi fulani kila mwaka. Mwenye miaka 75 hugawanya salio la Desemba 31 iliyopita kwa 24.6, dola 123,000 zinatoa 5,000. Zikienda chuoni zote 5,000, wajibu umetimia na kodi ni sifuri. Ukiwa umeshachukua 2,000 mwezi Februari, hizo zina kodi, hazifutiki.

Kwa baada ya kufa, usitegemee wasia. IRA hufuata fomu ya wanufaika iliyoko kwa kampuni, na mafao ya pensheni ya Kenya vilevile si sehemu ya mirathi, hulipwa na wadhamini kwa kanuni za mfuko. Kwa hiyo waachie watoto nyumba na chuo IRA: chuo hakilipi kodi juu yake, ilhali watoto wakubwa kwa kawaida huimaliza ndani ya miaka 10 na kulipa kodi kwa kila wanachotoa. Andika asilimia, si kiasi, kwa kuwa salio hubadilika. Mwislamu akumbuke kwamba wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi, basi azungumze na kadhi kabla ya kujaza fomu.

Nakala ya fomu iweke pamoja na hati ya nyumba, uwaambie watoto iko wapi. Kampuni ikiuzwa au kubadilisha mfumo, omba uthibitisho mpya wa maandishi kwamba jina la chuo bado limo.