Somo: Ombi la msamaha I-601A limekaa miaka bila jibu. Namna ya kulilinda faili lako

Somo hili ni kwa walioko Marekani wanaosubiri jibu la fomu I-601A, yaani msamaha wa muda wa kosa la kuishi nchini bila kibali, na kwa wenzi wao. Msamaha huu ulianza Machi 2013 na ukapanuliwa Agosti 2016 ili uwafae pia waume, wake na watoto wa wenye grini kadi. Zamani jibu lilitoka ndani ya miezi. Siku hizi wengi wanasubiri zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo ndipo maombi mazuri yanapoharibika: barua inakwenda anwani ya zamani, kesi inafungwa kituo cha taifa cha viza (NVC), mtu anasafiri kwa ajili ya msiba, mwingine anakamatwa akiendesha gari amelewa.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unauhitaji

Sheria ina mazuio mawili. Ukiishi bila kibali zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha ukatoka nchini, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka au zaidi, ni miaka 10. Zuio linaanza siku unapovuka mpaka kwenda nje ya Marekani, na ndiyo sababu msamaha huombwa ukiwa bado ndani.

Kabla ya kuhesabu miaka, itazame I-94 yako (rekodi ya kuingia nchini na muda uliopewa). Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya F-1 mara nyingi I-94 yake imeandikwa D/S (yaani muda wote anaotimiza masharti ya viza) badala ya tarehe. Huyo hata akiacha shule, siku za zuio hazianzi kuhesabiwa mpaka USCIS (idara ya uhamiaji inayoamua maombi haya) au jaji wa uhamiaji atamke rasmi kwamba amekiuka masharti. Wapo wanaosubiri msamaha miaka kumbe hawana zuio lolote. Vilevile, aliyeingia kwa viza ya utalii, akapitiliza muda, kisha akafunga ndoa na raia, kwa kawaida humalizia grini kadi humu humu kwa fomu I-485 bila msamaha.

Wanaoihitaji hasa I-601A ni walioingia bila kukaguliwa mpakani, mabaharia walioingia kwa viza ya D wakabaki, walioletwa kwa viza ya uchumba ya K-1 lakini hawakufunga ndoa na aliyewaleta, na waliopitiliza muda huku mwenzi wao akiwa na grini kadi tu. Mabaharia wa pwani yetu wengi wamedanganywa hapa: ndoa na raia haimwondolei baharia sharti la kutoka nje kufuata viza. Kama wewe huonekani kwenye orodha hii, mpe wakili faili lako alisome leo; usingoje jibu.

Hatua ya 2: Soma vizuri muda unaotangazwa

Kwenye ukurasa wa muda wa kushughulikia maombi, USCIS huweka idadi ya miezi. Hiyo ni picha ya miezi sita iliyopita: asilimia 80 ya maombi yaliyoamuliwa kipindi hicho yalimalizika ndani ya muda huo. Haisemi foleni iliyo mbele yako ina urefu gani. Kwa hiyo unaweza kuwa umebakiza miezi minne, ukaamka ukakuta imeongezeka. Faili lako halijarudishwa nyuma. Waliomalizika karibuni walikuwa wamesubiri zaidi.

Kinachokuhusu zaidi kiko chini ya ukurasa huohuo: weka tarehe ya risiti yako upewe tarehe ya kwanza unayoruhusiwa kuuliza. Iandike kwenye kalenda. Ukiuliza kabla ya hapo utajibiwa kwamba kesi bado iko ndani ya muda wa kawaida, basi. Namba ya risiti ina herufi tatu na tarakimu kumi. Inakili kutoka kwenye risiti yenyewe, maana kosa la tarakimu moja linakupeleka kwenye kesi ya mtu mwingine.

Hatua ya 3: Anwani na NVC

Ukihama, una siku 10 kuijulisha USCIS. Fanya hivyo kupitia akaunti yako ya mtandaoni na uhakikishe badiliko limeingia kwenye risiti ya I-601A yenyewe, maana mtu anaweza kubadilisha kwenye I-130 (ombi la mwanafamilia) na kuiacha I-601A na anwani ya kale. NVC wajulishe kivyao. Kama una kesi mahakama ya uhamiaji, huko kuna fomu EOIR-33 na siku ni 5 tu. Kuandikisha posta wakufuatishie barua hakutoshi.

NVC ndiyo inayoua maombi kimyakimya. Sheria inairuhusu serikali kufuta kesi ya viza ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuifuatilia tangu alipoarifiwa kwamba viza ipo. Ulipolipa ada ya viza na kuwaambia NVC kwamba unaomba I-601A, waliiweka kesi yako kando. Usiamini kwamba itakaa hapo milele. Angalau mara moja kwa mwaka, na bora kila miezi sita, ingia CEAC (tovuti ya maombi ya viza) kwa namba ya kesi, kisha waandikie kupitia fomu yao ya maswali sentensi mbili tu: ombi la I-601A namba fulani bado halijaamuliwa, na unaendelea kuihitaji viza. Hifadhi nakala ya ujumbe na jibu.

Hatua ya 4: Ushahidi unazeeka, uuhuishe

Msamaha huu hautolewi kwa sababu wewe ni mtu mwema. Lazima uonyeshe kwamba mume, mke au mzazi wako aliye raia au mwenye grini kadi atapata ugumu uliokithiri ukikataliwa: akibaki Marekani bila wewe, au akikufuata nje. Afisa atakayelifungua faili atasoma barua za daktari za miaka mitatu nyuma. Kama hali imebadilika na hukusema, ataamua kwa picha ya zamani.

Usitume karatasi kila mwezi. Tuma pale tu kitu kizito kimetokea: ugonjwa mpya, upasuaji, mtoto kuzaliwa, mwenzi kupoteza kazi, mama mkwe kuhamia kwenu kwa sababu hajiwezi. Juu weka ukurasa mmoja wenye jina lako, namba ya A (namba yako ya uhamiaji), namba ya risiti na orodha ya vilivyomo. Namba ya risiti iandikwe pembeni mwa kila karatasi. Kama akaunti yako inaruhusu kupakia nyaraka, pakia huko, utabaki na tarehe.

Barua ya daktari ndiyo inayoharibiwa zaidi. Nyingi husema hivi: "Mgonjwa wangu ana kisukari na anahitaji msaada wa mumewe." Hiyo haimsaidii afisa. Mwombe daktari aandike ugonjwa ulianza lini, dawa gani, mara ngapi mgonjwa amelazwa, mume anafanya nini hasa (anampima sukari saa tisa usiku, anamwendesha kliniki kila wiki kwa sababu yeye haruhusiwi kuendesha), na nini kitatokea asipokuwepo. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na sahihi.

Mwenzi wako aliyeingia kama mkimbizi au kupewa hifadhi, mfano familia nyingi za Wakongo, ana hoja ambayo watu huisahau. Mwongozo wa USCIS unahesabu hilo kuwa jambo zito la pekee, kwa kuwa huwezi kumtaka mtu arudi alikokimbia. Weka nakala ya barua iliyompa hadhi hiyo. Mambo mengine ya uzito huo ni ulemavu, utumishi jeshini, onyo la usafiri la Wizara ya Mambo ya Nje kwa nchi mnayotakiwa kwenda, na watoto kubaki bila mlezi.

Hatua ya 5: Usiyoyagusa wakati unasubiri

Ombi la I-601A halikupi kibali cha kazi, halisimamishi siku za zuio na halikukingi na kuondolewa nchini. Tangu Februari 2025 sera ni kwamba anayekataliwa ombi na hana hadhi halali anaweza kuitwa mbele ya jaji. Kwa hiyo:

Usijaze popote kwamba wewe ni raia wa Marekani, iwe fomu ya kazi I-9 au karatasi ya leseni inayokuandikisha kupiga kura. Kosa hilo kwa mhamiaji halina msamaha kabisa, na linafuta yote uliyosubiri.

Usitoke nchini ukarudi kwa njia ya panya. Aliyeishi zaidi ya mwaka bila kibali kisha akaingia, au akajaribu kuingia, bila kukaguliwa hupata zuio la kudumu. Lazima akae nje miaka 10 kwanza ndipo aombe ruhusa.

Kesi yoyote ya polisi, hata iliyofutwa, tafuta nakala ya uamuzi wa korti mapema. Msamaha huu unafuta kosa la kuishi bila kibali tu. Ofisa wa ubalozi akigundua zuio jingine, msamaha unajifuta papo hapo nawe uko nje.

Hatua ya 6: Kusukuma ombi

Kuna ombi la kuharakisha, kwa simu 1-800-375-5283 au ujumbe kupitia akaunti. Hukubaliwa kwa dharura za kibinadamu, hasara kubwa ya fedha, au kosa la wazi la USCIS. Kukosa kibali cha kazi pekee hakutoshi. Sema jambo moja lenye tarehe na ushahidi, mfano mke amepangiwa upasuaji na watoto hawana mwangalizi mwingine.

Ombi la kuharakisha likikataliwa, mwandikie mbunge wa wilaya yako au seneta, ofisi moja kwa wakati mmoja. Watakutaka usaini fomu ya kuruhusu taarifa zako kutolewa. Mbunge hawezi kukurusha foleni, ila ofisi yake huweza kugundua faili lililopotea au alama za vidole ambazo hazikuunganishwa na kesi.

Kushtaki katika mahakama ya shirikisho ili USCIS ilazimishwe kuamua kunasifiwa sana, lakini tazama unaishi wapi. Mwaka 2024 mahakama za rufaa za mzunguko wa 7 (Illinois, Indiana, Wisconsin) na wa 4 (Maryland, Virginia, West Virginia na Carolina zote mbili) zilisema hazina mamlaka juu ya ucheleweshaji wa I-601A. Wakili wa Maryland anayekuchaji kwa kesi ya namna hii bila kukueleza hilo, mwache.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mama yangu amefariki Tanga. Ombi lina miaka miwili. Naweza kupata ruhusa ya kwenda kuzika na kurudi?

Jibu: Pole sana dada, Mungu ampumzishe. I-601A haina ruhusa ya kusafiri inayoambatana nayo. Ukitoka kabla ya uamuzi, zuio linaanza na ombi hili unalipoteza. Utaombea nje kwa I-601 ya kawaida, ambayo nayo ina foleni yake. Kama una njia nyingine, mfano TPS (hifadhi ya muda kwa raia wa nchi zenye majanga), muulize wakili kabla ya kukata tiketi.

Swali: Mke wangu ana grini kadi na karibu ataapa uraia. Itavuruga ombi?

Jibu: Haivurugi, na mara nyingi inasaidia, kwa sababu unatoka kwenye foleni ya viza ya F2A (ya wenzi na watoto wa wenye grini kadi). Watumie NVC nakala ya cheti cha uraia. Jihadhari na kitu kimoja: watoto wako waliokuwa wanakufuata ndani ya ombi lako hawakufuati tena akishakuwa raia. Kila mmoja anahitaji I-130 yake, kwa hiyo ziandaeni kabla ya kiapo.

Swali: Mtoto wetu ana selimundu, ni raia. Wakili alisema mtoto hahesabiki. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, lakini usiliache. Eleza ugonjwa wa mtoto kama mzigo wa mama yake: nani atampeleka hospitali maumivu yakianza usiku, mama atapoteza zamu ngapi za kazi, bima ni ya nani.

Swali: Mume wangu yuko Mombasa, alitoka akiwa na zuio la miaka 3. I-601 yake imekaa karibu miaka miwili. Tuendelee kusubiri?

Jibu: Shemeji aangalie muhuri wa siku aliyotoka. Miaka 3 ikitimia akiwa nje, zuio hilo linakwisha na hahitaji msamaha kwa ajili yake. Siku hiyo ikikaribia, andikieni ubalozi mkiambatanisha ushahidi wa tarehe ya kutoka, muulize kama kesi inaweza kufunguliwa upya. Hakikisheni kwanza kwamba msamaha uliombwa kwa zuio hilo tu.

Swali: Kuna mtu anataka dola 2,000, anasema ana mtu ndani ya USCIS.

Jibu: Usimpe, na usimpe namba ya risiti wala pasipoti. Anayeruhusiwa kukuwakilisha ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyethibitishwa na Wizara ya Sheria.

Swali: Ombi limekubaliwa! Mimi ni Mtanzania. Nitoke sasa nikasubiri mahojiano nyumbani?

Jibu: Hongera, ila usitoke bado. Tangazo la rais la Juni 2025 liliwabana raia wa Burundi kwa viza za uhamiaji, na lile la Desemba 2025 likaongeza Tanzania. Msamaha wa I-601A hauondoi kizuizi cha aina hiyo. Ukishatoka zuio lako limeanza, na viza isipotolewa unakwama nje. Malizia DS-260 (fomu ya kuomba viza) na I-864 (ahadi ya mdhamini) yenye kodi ya mwaka wa karibuni, kaa ndani, na mpe wakili kazi ya kupata jibu la maandishi kama kundi lako la viza linatolewa sasa. Vipimo vya afya navyo usiviwahi; hufanywa huko huko, baada ya kupata tarehe ya mahojiano.