Kupanga kozi mseto Kigoma: kwanza mwezi na nauli, kompyuta baadaye

Kamati ya mipango ya kozi mseto, yaani kozi yenye siku za chuoni na masomo ya simu, ikikaa mara ya kwanza, usikubali mtu ataje jina la programu ya kompyuta. Najua kishawishi kilivyo: mfadhili ameahidi vishikwambi, kijana wa TEHAMA ameshaiona Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni, mahali, na mkuu wa chuo anataka naye aseme tuna masomo ya mtandaoni. Hayo yana siku yake. Mimi ni mratibu wa mafunzo katika chuo cha ufundi hapa Kigoma, nimetokea kwenye ualimu wa ushonaji, na ubaoni huwa natanguliza swali moja: mwanachuo atakuja chuoni siku zipi, na kwa nauli ya nani?

Siku ya kuja chuoni ndiyo ghali kuliko zote. Wa Ujiji anapanda bajaji, basi. Wa Mwamgongo anashuka kwa boti kwenye mwalo wa Kibirizi, na akikosa ya kurudi atafute pa kulala. Kwa hiyo chora jedwali la vijiji wanakotoka wanachuo wako: usafiri, nauli ya kwenda na kurudi, na kama lazima alale. Usikisie ukiwa ofisini. Nenda mwaloni ukawaulize wanaokatisha tiketi za maboti. Wao wanajua lini ziwa linachafuka na lini nauli inapanda.

Kisha kalenda. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu ya kuwavuta, na vyombo vingi hupumzika. Hapo ndipo vijana wa mwambao, pamoja na akina mama wanaoanika dagaa, wanapopata nafasi. Wiki ya ana kwa ana iweke mwezi ukiwa mpevu. Wiki za giza ziachie masomo ya simu, tena mafupi, maana aliyekesha ziwani mchana analala. Angalia pia matangazo ya kufunga ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Chuo chenye mpango kingeweza kuweka muhula mzima wa karakana humo. Wanachuo wa Kasulu na Buhigwe hawahusiki na mwezi, wao wana maharage na mahindi, na mratibu mwenzangu wa Urambo, mkoani Tabora, lazima aanze na tumbaku. Ni sawa kabisa chuo kimoja kuwa na kalenda mbili. Mwandika ratiba atalalamika, mwache alalamike.

Sasa kaa na walimu mpitie mtaala, umahiri mmoja baada ya mwingine. Kipimo changu ni hiki: mwanachuo akikosea, kosa lake linaweza kusubiri hadi kesho? Hesabu ya vipimo vya sketi, aina za vitambaa, kupanga bei ya kazi, hayo yanasubiri. Yapeleke kwenye simu. Kuingiza uzi kwenye ovaloki, kulegeza au kukaza uzi wa cherehani, kushona kola ikae, hayo yanataka mwalimu awe begani. Kuna ya katikati, na hapo ndipo utamu wa kozi mseto ulipo: anasikiliza maelezo ya kupima mwili, anapima majirani watatu, anatuma picha ya daftari, mwalimu anasahihisha kabla hajafunga safari. Akifika karakanani, anakata kitambaa siku ileile. Umeme wa majumbani na misumeno ya useremala havina mjadala, vibaki mbele ya macho ya mwalimu.

Atatokea mjumbe wa bodi aseme tuhamishie kila kitu mtandaoni, tuokoe gharama za bweni. Mjibu kwa ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, katika majimbo ya Virginia na Washington, huko Marekani kwenye intaneti ya uhakika kuliko yetu. Waliosoma kozi za mtandaoni tupu waliziacha zaidi kuliko wa darasani. Wa kozi mseto jimboni Washington walimaliza karibu sawa na wa darasani.

Programu sasa. Moodle haina ada ya leseni, na ile ya simu inamruhusu mwanachuo apakue somo akiwa chuoni, alisome nyumbani bila bando. Kolibri imeundwa kwa mahali pasipo intaneti. Chagua ile ambayo mtu wako wa TEHAMA anaweza kuitengeneza ikiharibika Jumapili. Na sauti ipewe nafasi: maelezo ya dakika 5 kwa sauti iliyobanwa hayafiki MB 2, wakati video ya muda huohuo inakula makumi. Wenye simu ya kitochi wapewe karatasi siku ya karakana, wasifanywe wageni.

Namba na picha za wanachuo zina sheria yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Chukua ridhaa kwa maandishi siku ya usajili.

Kinachosahaulika sana ni saa za mwalimu. Kusahihisha picha za madaftari ni kazi, kwa hiyo ihesabiwe kama kipindi kwenye ratiba, na wanachuo waambiwe mwalimu anajibu saa ngapi, la sivyo ataamshwa saa sita usiku na mvuvi aliye kazini.

Mwisho wa wiki ya pili, toa orodha ya ambao hawajatuma kazi yoyote, uwapigie simu mmoja mmoja. Usitume ujumbe, piga. Vocha ya simu hizo iwe na mstari wake kwenye bajeti, isifichwe ndani ya “mengineyo”, kwa sababu fedha zikibana, mhasibu huanza kukata hapo.